Liko Wapi Ombi?

Kidato cha Pili, mkondo B, saa tatu asubuhi.
Ukungu wa Rungwe umeingia darasani bila hodi
nami nimeandika ubaoni kwa chaki iliyolowa:
Soma kifungu. Pigia mstari sentensi yenye ombi.

Kifungu nilikitunga mwenyewe, usiku, kwa haraka.
Mama Eliudi anakwenda kwa jirani kuazima jembe.
Anaulizia watoto. Anaulizia ng'ombe aliyevunjika pembe.
Anasema mwaka huu mvua imewahi,
anasema, jembe letu lile, mpini wake, wewe acha tu.
Jirani anaingia ndani, anatoka na jembe.
Ndipo Mama Eliudi anasema: "Naomba basi uniazime."

Hapo ndipo penye alama mbili.
Mwongozo wa kusahihisha nao niliutunga mimi.

Arobaini na mmoja walipiga mstari palepale.
Tusekile hakupiga mstari popote.
Aliandika pembeni kwa penseli, herufi za kubanana:
"Mwalimu, ombi lilishapita. Lilikuwa kwenye mpini.
Hilo la mwisho ni shukrani."

Sifuri. Nikaizungushia duara.
Nilikuwa na madaftari mia na ishirini
na taa ya sola ilikuwa inafifia.

*

Alhamisi mama yake akaja ofisini.
Mlangoni akapiga goti nusu. "Ugonile, mwalimu."
"Ndaga," nikajibu, neno langu moja la kwao,
mimi mtoto wa Makambako.
Akakaa ukingoni mwa kiti, kama kiti ni cha mtu.

Akasema barabara ya Kiwira imeharibika.
Akasema mizani ya chai siku hizi ina macho yake.
Akasema mtoto wa dada yake yuko Uyole, anasoma, wanamsifu.
Akasema, "Huyu wetu naye yupo tu nyumbani,
ananisaidia kuni."

Nikasema, "Vizuri. Watoto wasaidie wazazi."

Akatazama sakafu.
Akasema mvua ya safari hii haina adabu.
Nikakubali kwamba haina.
Akaacha chane mbili za ndizi kando ya mlango, akaaga mara tatu,
na mimi, kalamu nyekundu mkononi, nikamwambia karibu tena.

Mwakabuta wa Hisabati hakuinua kichwa kwenye pembetatu zake:
"Sasa utamruhusu mtoto arudi,
au mpaka mama apige magoti yote mawili?"
"Mtoto gani?"
"Yule uliyemrudisha nyumbani Jumatatu, kwa debe la mahindi ya mchango."

*

Miaka tisa nafundisha kwamba kusema ni kutenda.
Kwamba shikamoo si habari, ni mgongo unaopinda.
Kwamba pole si lazima niwe nimekukosea,
na karibu chakula hujibiwa starehe hata na mwenye njaa.
Nimeyaandika ubaoni, yakafutwa, nikayaandika tena.
Na kuni zimepita mbele yangu, mzigo mzima,
nikazihesabu kuwa ni kuni.

Jioni nikapanda kilima, suruali ikala matope.
Njiani nilipanga maneno: naomba radhi, nilikosea.
Sentensi safi. Mtenda yupo, kitenzi kipo,
hata mkaguzi angeipitisha.

Nikabisha hodi.
Akatoka Tusekile, kuni kifuani, akaniamkia.
Nyuma yake mama, akifuta mikono kwa khanga.

Nikasema, "Mvua imepungua kidogo."
"Imepungua, mwalimu."
"Kesho kipindi cha kwanza ni changu.
Daftari lake ninalo.
Kuna mahali nilijumlisha vibaya."

Akanyamaza. Kuku akapita kati yetu, bila haraka.

"Basi kaa huku," akasema,
"upande huu moshi hauji."