Bata wa Tisa

Darasani walikuwa tisini na wawili.
Wangu ndio wale wawili waliozidi,
wakikalia pembe ya dawati kwa zamu
kama ndege juu ya kitawi kimoja.
Muhula ulipoisha nikawarudisha nyumbani.
Majirani wakaanza kunihesabia siku.

Sasa niko dukani kwa Lusweti, Webuye,
Jumamosi, mvua ingali inajishauri huko Chetambe.
Vitabu viwili vya hesabu viko juu ya kaunta
na elfu moja mia mbili ziko kwenye leso,
zimefungwa fundo la tatu,
lile gumu.

Cha kwanza: shilingi mia tano themanini.
Kijivu, chembamba, hakina mzaha.
Jumlisha, jumlisha, jumlisha, toa,
safu zimenyooka kama mahindi ya shamba la misheni.
Nimekinusa, nikamnusa mwalimu wangu wa darasa la tatu
na ule mpira wa baiskeli aliouita Jibu.
Kuzidisha kwa saba ningali nakujua
kwa mgongo.

Cha pili: mia tisa na hamsini.
Kina rangi. Kina bata, maboga, sarafu za kukata,
kina mtoto anayejaza sufuria kwa vikombe vya maji.
Lakini kinazunguka sana kabla ya kufika,
somo la kubeba liko ukurasa wa sitini,
nami najiuliza, tukifika huko sitini
watakuwa wamejua nini
ambacho shangazi yao anaweza kuwauliza siku ya Krismasi
asinicheke?

Napiga hesabu yangu mwenyewe.
Vijivu viwili: elfu moja mia moja sitini.
Kila mmoja na chake, hakuna kilio,
zinabaki arubaini, penseli mbili.
Cha rangi ni kimoja tu.
Kimoja, kwa mapacha!
Afadhali kugawa uji kwa uzi.

Lusweti anasema, "Wengi huchukua kijivu."
Anasema, "Mama, hesabu ni hesabu."

Baba yangu alitengeneza karatasi katika mji huu
miaka kumi na tisa. Alirudi na harufu ya mayai viza
na vipande vya pembeni vilivyokatwa kwenye marobota,
virefu, vyembamba kama utepe,
nasi tukaandika namba zikishuka kutoka mezani hadi sakafuni,
zikatoka mlangoni.
Hakuna aliyetuambia pa kuishia.
Kisha kiwanda kikanyamaza. Siku hizi karatasi hutoka mbali,
imeshapigwa mistari,
imeshapigwa bei.

Mukhwana anavuta leso, anataka kwenda haja.
Mulongo, kwa ukimya wake ule
uliomfanya mwalimu aandike "mzito" kwenye ripoti,
ameweka kidole katika kidimbwi, ukurasa wa kumi na moja.

"Bata ni tisa."
Lusweti anafunua nyuma, kwenye majibu,
anashusha miwani. "Nane, mwanangu."
"Tisa."
"Kitabu kinasema nane."
"Kitabu hakikumwona huyu."

Tukainama watatu: Lusweti, mimi,
na Mukhwana aliyesahau haja yake.
Nyuma ya matete, mkia.
Mkia tu, mdogo kama koma.
Mpaka leo sijui kama mchoraji alimficha
au alianza kumchora akaitwa chakulani.

Nikafungua fundo la tatu.

Jioni, mmoja husoma swali kwa sauti,
mwingine huandika jibu kwenye daftari,
kesho yake wanabadilishana, na kilio kipo, sitadanganya,
juzi walipigania maboga hadi taa ikazimika.
Kitabu chenyewe hakiandikwi ndani.
Ni mahali pamoja tu, nyuma, kwenye majibu:
nane imekatwa kwa wino,
na kando yake tisa, kubwa,
imegeukia upande usio wake.

Hiyo tutaifikia.