Kilo Tisa na Robo

Bata mzinga alikuwa kimya juu ya meza,
amenyonyolewa, miguu imefungwa kwa uzi wa katani,
na Vugutsa, aliyepika hoteli moja Kisumu miaka miwili,
akatusomea sheria kutoka karatasi iliyoloa mafuta:
dakika arobaini kwa kila kilo, na si kwa kukisia.

Kilo ngapi?
Hapo ndipo Krismasi yetu ya Chavakali ilipokwama.

Duka la Endovo limefungwa. Kinu cha posho kimefungwa.
Mwenye mizani ya sokoni amekwenda kwao Shinyalu,
mizani kwapani.

Tukaazima ya Mwalimu Asava, ile ya kukanyaga,
yenye kioo kilichopasuka.
Tukamweka ndege: mshale haukutikisika.
Basi Mudaki akapanda akiwa amemkumbatia,
kisha akapanda peke yake,
na mara zote mbili alikuwa kilo sitini na mbili.
"Kumbe bata hana uzito," akasema. "Tumchemshe kama yai."

Nikatoa mpini wa jembe.
Nikaufunga kamba katikati, nikauning'iniza kwenye boriti,
huku ndege ndani ya shuka la mtoto,
huku kikapu, na ndani ya kikapu, unga:
pakiti ya kwanza, kilo mbili; ya pili; ya tatu.
Bata bado chini, ametulia kama mdaiwa aliyesikia hodi.
Ya nne. Akainuka kidogo, akafikiri, akashuka.
Tukaongeza sukari kilo moja, chumvi nusu,
mpini ukalala sawa, ukatetemeka,
watoto wakapiga makofi: tisa na nusu!

Mpaka Kageha mdogo, kidole mdomoni,
akakumbuka kwamba pakiti moja ilifunguliwa jana
kwa uji.
Vikombe viwili? Vitatu? Nani alikoroga?
Kila mtu alikuwa na kikombe chake cha kupimia
na kila mtu alikuwa amekunywa.

Mama alikuwa nje akichambua mrenda.
Akaingia akifuta mikono kwenye leso,
akamtoa bata shukani bila kuuliza,
akamweka mgongoni. Si mikononi, mgongoni.
Akainama kidogo, akatembea hatua tatu hadi mlangoni.

Miaka kumi na tisa alichuma majani chai.
Kila jioni kikapu kilining'inizwa kwenye ndoano
na karani akasoma haraka, kiganja kikifunika namba:
kumi na moja. Nayo ilikuwa kumi na tatu.
Mama hakujua kusoma mshale.
Alichojua ni kile kilima kutoka shambani hadi kituoni,
mahali ambapo kilo ya kumi na mbili huanza kuuma,
chini ya bega la kushoto,
na ya kumi na tatu ikateremka kiunoni.
Karani aliandika daftarini. Yeye aliandika kwenye uti wa mgongo.
Hakuna aliyewahi kulinganisha vitabu hivyo viwili.

"Tisa na robo," akasema, akamrudisha mezani.
"Huyu hajafika begani."

Hatukubishana. Vugutsa akazidisha: saa sita na dakika kumi.
Tukamtia katika tanuri la akina mama wa kanisa,
linalonuka mikate hata likiwa tupu,
na alipotoka usiku, ngozi yake nyekundu kama njia ya kwetu,
nyama ikaachia mfupa kabla ya kuguswa na kisu.
Mudaki alikula akiwa amesimama.

Asubuhi nilipokuwa nairudisha mizani ya Mwalimu
Mama aliniita, akaniambia niiweke chini kwanza.
Akavua kandambili, akapanda,
akatazama mbele, kama anayepigwa picha ya kitambulisho.

"Inasema ngapi?"

"Arobaini na nane."

Akashuka. Akavaa kandambili, moja, halafu nyingine.
"Na hii nayo," akasema, "ni karani."