Mlango Juu ya Baiskeli

Jumamosi, nyuma ya bucha la Andati, pale Luanda,
shilingi ishirini mtu mzima, kumi mtoto,
benchi tatu, mabati yanayolialia jua likipanda,
na Andati mwenyewe na kipaza sauti chake
akiwasemea wapiganaji wote wa dunia.
Anayepigwa ngumi anaanguka kwa sauti ya Andati,
bibi harusi analia kwa sauti ya Andati,
na siku moja farasi aliomba msamaha kwa Kinyore.

Ndipo Kageha akaja na filamu aliyoitengeneza mwenyewe,
iko ndani ya flashi, flashi ndani ya leso, leso ndani ya soksi.
"Ni dakika sabini," akasema. "Hafi mtu."
Tukacheka.
Andati akasema, "Lete.
Kitakachopungua nitakijaza."

Mwanamume amefungia mlango kwenye baiskeli kwa kamba ya mpira.
Mlango na fremu yake, wa buluu, una kitasa, hauna nyumba.
Anausukuma kutoka Maseno.
Basi.
Anausukuma.

Andati akakohoa: "Jamaa huyu ni jasusi hatari sana..."
Jamaa akainama, akafunga kamba ya kiatu.
"Maadui wanamvizia pale kichakani..."
Kichakani akatoka kuku, akaangalia huku na huku, akarudi.
Jamaa akafunga kiatu cha pili.
Andati akakishusha kipaza sauti taratibu,
kama aliyepiga hodi akagundua kuna matanga.

"Nirudishie kumi yangu!" Benchi la mbele likaondoka lote.
Wakabaki kijana wa bucha, kisu bado mkononi,
muuza omena aliyeingia kujikinga na mvua,
Kageha, ukutani, akiuma kucha,
na mimi, sijui kwa nini.

Njiani mama mmoja anakutana na mlango. Anabisha.
Mwanamume anasimamisha baiskeli, anautua mlango,
anamfungulia.
Mama anapanguza miguu, anapita, anashukuru,
anaendelea na njia ile ile aliyokuwa akiifuata.
Muuza omena akacheka mpaka karai likamwangukia,
halafu akanyamaza, akajipangusa jicho moja.

Halafu kibanda. Halafu sufuria.
Chai ikachelewa kama chai inavyochelewa.
Hakuna aliyeisukuma, hakuna ngoma iliyopigwa kuiharakisha.
Povu likapanda, likashuka, likapanda.
Naapa niliisikia harufu ya moshi,
au ilikuwa mvua na mafuta ya ng'ombe.
Nikawaza: kwetu sisi ni mabingwa wa kusubiri,
tumesubiri karo, tumesubiri simu ya baba kutoka Eldoret,
mama amesubiri maharagwe yaive miaka ishirini na minne,
na sijawahi kumwona mtu akisubiri kwenye kioo
bila bomu kuja kumwokoa.

Dakika ya sitini na tatu, mlango umeegemezwa kwenye jiwe,
yale mawe yetu makubwa kuliko nyumba.
Mwanamume anabisha. Anatega sikio.
Stima ikapotea.

Tulikaa gizani nusu saa. Hakuna aliyedai kitu.
Stima haikurudi, na Kageha alikataa kata kata
kutueleza kama jiwe lilijibu.
Akakunja leso yake, akapanda gari la Kisumu.

Jumamosi iliyofuata tulirudia mateke.
Ukumbi ulijaa, watoto wakaning'inia madirishani.
Katikati ya pigano kubwa, damu mpaka kwenye pazia,
Andati akanyamaza.
Sekunde moja. Tano. Kumi.
"We Andati, umelala?"
"Shii," akasema, akasogea karibu na kioo,
akaonyesha kwa kidole, kule nyuma kabisa, nyuma ya mapanga.
"Kuna mzee anafagia."