Rangi ya Chini

Fremu namba sita, Kange, upande wa kuelekea Pongwe:
mimi naijua kwa kisu cha kukwangulia, si kwa hati.
Ukuta wake umemeza majina yote niliyoyaandika.

Wa kwanza Bi Nuswe. Vitenge na khanga, herufi za zambarau,
na chini yake alitaka: MUNGU NI MWEMA NUSU BEI.
Nikamwambia, mama, hapa katikati pana mkato.
Nilikuwa natoza kwa herufi. Akauliza, mkato bei gani?
Mia mbili.
Akasema, basi Mungu atanielewa.

Stendi ilikuwa ndiyo kwanza imehamia huku,
dalali Kibwana anapita na daftari, kila mlango anaapa:
mwakani hapa patakuwa mjini, na mjini patakuwa makumbusho.
Bi Nuswe akatoa kilemba, akatoa kodi ya miezi sita.
Mwaka ukaja. Abiria wakashuka, wakadaka bajaji,
wakaenda na pesa zao Ngamiani kulekule.
Alipoondoka alichukua hata balbu.

Wa pili Mhando, fotokopi na picha za pasipoti, kijani.
Mlango wa tatu kutoka kwake: fotokopi. Wa tano: fotokopi.
Huku kwetu ukiinjika supu, jirani hununua makongoro.
Mashine zikakaa zinaitazama barabara,
kila moja inamsubiri mtu mwenye karatasi.

Nyeupe ilikuwa ya Eliwaha, duka la dawa.
Huyo aliuza. Mzee Semkiwa akaona anauza,
akapandisha kodi mara mbili.
Jumatatu tukakuta rafu tupu.

Kisha wakaja vijana wa vizibao vya kung'aa,
wakavuta futi kamba kutoka katikati ya lami,
wakapiga X nyekundu bila kuuliza bei ya rangi.
Mkono wa haraka, mguu mmoja mrefu,
imechuruzika hadi barazani.
Miaka kumi na tisa kazini sijawahi kuacha herufi namna ile,
na ndiyo herufi pekee iliyosomwa na mtaa mzima.

Mzee Semkiwa aliijenga fremu hii kwa kiinua mgongo cha mkonge.
Matofali yake huyataja kama wenzake wanavyotaja wajukuu.
Aliniita mapema, kabla wauza chai hawajawasha.
"Paka krimu, mikono miwili. Halafu andika INAPANGISHWA."
Mzee, na ile alama?
"Ile alama inaingia mwaka wa tatu haijanilipa kodi."
Nikapaka. Nilikuwa nadaiwa ada ya mtoto. Sisemi zaidi.

Lakini krimu ni rangi dhaifu.
Jua la saa nane likiipiga
wekundu hupanda polepole, kama upele chini ya poda.

Jana kaja binti, Mwanatumu,
ana oveni moja ya keki na madaftari mawili ya hesabu.
Hakuuliza kodi. Aliuliza nani kapaka.
Kibwana akatazama simu. Mzee akakohoa.
Mimi nikatoa kisu,
nikakwangua kipande cha upana wa kiganja:
krimu, nyekundu, nyeupe, kijani, zambarau.
Akahesabu kwa kidole mpaka kwenye plasta.

Akanyamaza kidogo, kisha akamgeukia mzee:
nalipa mwezi kwa mwezi, kilemba hakuna,
na siku greda likija, mlango na bati ni vyako,
oveni ni yangu, tusigombane.
Mzee akakataa.
Akakataa tena.
Akauliza keki anauzaje.

Ukutani hakutaka herufi hata moja.
Kaniletea turubai, mita mbili kwa moja:
KEKI ZA TUMU, bluu,
na kwenye pembe zake matundu manne ya kamba.
Nikamtoza bei ya herufi tu.
Matundu nimetoboa bure.