Kupimwa Mshipa

Niliposema barazani Kibokoni,
"Kesho naenda kupimwa mshipa,"
Famau alicheka mpaka kete zikamwagika:
"Ngiri, fundi? Na uzee huu?"
Si huo. Ni huu uendao na damu.

Mbodze, vidole baridi, akanibandika kidude shingoni,
kingine kwenye kinena. Nikatazama dari
(lavuja, pembe ya kushoto).
"Twapima kasi, baba.
Wimbi la moyo, kutoka hapa mpaka hapa.
Mshipa laini hulipokea, hulipoza.
Mgumu hulirusha."

Akatafuta picha anielezee. Nikamzuia.
Mwanangu, miaka thelathini na minane
nafungua mabomba ya Mji wa Kale
yaliyonyweshwa maji ya kisima, chumvi na chokaa.
"Si kuziba," akasema. "Ni kukakamaa."
Hata hilo nalijua:
mpira wa maji uliosahauliwa juani.
Funga koki ghafla, ukuta mzima hugonga;
nyumba yasikia kabla ya mwenyewe.

Mashine ikaandika kumi na mbili nukta nne.
Mita, kwa kila sekunde.
"Tungependa isizidi kumi."
Akaandika dawa,
akapiga mistari miwili chini ya neno chumvi.

Jioni nikaketi pale pale.
Sahani ya achari ikanifikia, nikaipitisha.
"Haya, mshipa wasemaje?"
Nikamshika Famau kifundo cha mkono,
nikalitafuta pigo lake kwa vidole hivi vya spana,
nikasikiliza.

Hakucheka. Ilikuwa zamu yake kucheza,
na hakucheza.