Mguu wa Kulia

Miaka thelathini na mmoja pale Magongo
nimetoa upepo kwenye breki za watu:
malori ya Malaba, mabasi, pikapu za samaki,
kijana juu akikanyaga, mimi mvunguni
nafungua nati, nimetega chupa ya soda,
viputo vikikatika namwambia, "Shika hapo."
Geji ya nini? Nilikanyaga mara moja tu
nikajua pedi imebaki unene gani,
nikajua na dereva, mwoga au mwenye haraka.
Breki ni maongezi, nikiwaambia vijana:
unauliza kwa unyayo, chuma kinakujibu.

Sasa nina gari lililoshuka melini na lugha yake.
Kila asubuhi lanisalimu kwa Kijapani,
naitikia "marahaba", sijui limesemaje.
Nusu petroli, nusu umeme, kishindo halina;
jirani yangu Shee Mbwana huliita jini.
Ukikanyaga, breki zake hazijibu. Zafikiri.
Kwanza ulaini, kama kutia mguu kwenye unga,
mwendo unamezwa, unawekwa akiba betrini;
kisha, imebaki hatua moja kusimama,
chuma kinazinduka, kinadaka,
na kichwa cha Mize kinaitikia "ndiyo"
kwa swali ambalo hakuna aliyeuliza.

Tena lina macho yake, kiooni juu.
Mwembe Tayari liliwahi kufunga breki lenyewe
kwa moshi wa mahindi ya kuchoma,
na bodaboda wa nyuma akanitukana
mpaka kizazi cha tatu.

Baada ya miaka miwili nilifungua gurudumu.
Pedi nene, kama za jana dukani,
ila diski zimeota kutu, chumvi ya pwani hii.
Kisichotumika hakiishi, huoza tu.
Nikacheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka.

Maana kuna jambo sijalisema.
Daktari wa sukari alinifumbisha macho,
akashika uzi mgumu, akaja kwenye unyayo.
"Wahisi hapa?" Nahisi.
"Na hapa?" Nahisi.
Alikuwa hajagusa.

Nyumbani nikasema sukari imeshuka.

Mize, tangu tuoane, ana breki yake mwenyewe:
huikanyaga sakafuni, upande wa kushoto,
kila tuktuk inapochomoza.
Zulia la mpira limetoboka hapo, umbo la kisigino.
Nilizoea kumcheka.

Jumanne, Kongowea, saa moja asubuhi,
mkokoteni wa vitunguu ulichomoka kati ya malori.
Nilikanyaga. Wallahi nilikanyaga.
Lakini king'ora kilikwisha lia, taa nyekundu,
mkanda umenibana kifua, gari limesimama
shubiri mbili kutoka kwenye magunia.
Nikautazama mguu wangu:
ulikuwa kando ya pedali,
unalisukuma zulia kwa nguvu zake zote.

Mwenye mkokoteni aliinua mkono, ahsante.
"Umewahi," akasema Mize.
"Nimewahi," nikasema.
Daraja la Nyali tulilivuka kimya,
kila mtu na dirisha lake.

Jumapili hii tuko Mbaraki, kwenye mabohari,
barabara tupu, mageti yamefungwa.
Funguo anazo yeye. Hakuniuliza, sikumweleza;
alizichukua juu ya friji
ambamo insulini yangu imefichwa nyuma ya achari.
Nimekaa kushoto.
"Polepole," namwambia, "breki hizi hazijibu upesi.
Usizishindilie. Zisubiri."
"Miaka yote hii nimekusubiri wewe," asema,
"nitashindwa na gari?"

Paka anakatiza kutoka bohari la chai.
Mguu wangu wa kulia unashuka wenyewe
mpaka kwenye tundu la kisigino chake,
nakanyaga,
sihisi kitu,
na gari linasimama.