Foleni Fupi

Karatasi za kura hazikufika.
Tuliamka saa kumi na moja, Kayole bado imefunikwa moshi wa makaa,
tukajipanga langoni mwa shule kama watu wa mafuta ya taa.
Saa mbili. Saa nne. Saa sita kasorobo.
Lori, tuliambiwa, limefika Donholm.
Baada ya saa nzima lilikuwa bado limefika Donholm.
Kisha hakuna aliyelitaja tena.

Kiplagat, kijana wa chama, fulana yake ingali na mikunjo ya nailoni,
alipanda juu ya dawati la darasa la tatu,
akasema: useneta hausubiri karatasi.
Anayemtaka Mheshimiwa Gachoka, kulia, kando ya tangi la maji.
Anayemtaka Bi Nekoye, kushoto, kando ya vyoo.
Alisema vyoo bila kucheka.
Sisi tulicheka, halafu tukanyamaza.

Maana kura ya sanduku unaingia nayo na unatoka nayo,
siri iliyofungwa kama sarafu kwenye pindo la leso.
Foleni ni mgongo wako mbele ya macho ya watu.

Mzee Karugu, mwenye ploti, alikuwa wa kwanza penye tangi,
na mkononi daftari.
Nalijua daftari lile: jalada jekundu, kalamu imefungwa kwa uzi.
Jina langu limelala humo miezi miwili bila alama ya vema.
Alinitazama tu.
Mwenye kudai hana haja ya kusema.

Basi watu wakaanza kwenda.
Mama Wangeci akaenda, na sare za wanawe nilimshonea kwa mkopo.
Fundi Otwori wa redio, aliyemtukana Gachoka mwaka mzima
mchana na usiku, hata umeme ukipotea,
alikwenda kulia akikagua viatu vyake njia nzima.
Wakala wa Bi Nekoye mwenyewe alivuka
"kuangalia tu".
Hakurudi.

Kushoto walikuwepo:
Nyanya Syombua na kigoda chake,
kijana mmoja wa chuo ambaye hatukumjua,
na mwanamke mwenye mtoto mgongoni
ambaye, nadhani, alikuwa akingoja choo.

Nami katikati ya uwanja, utepe wangu shingoni.
Kazi yangu ni kupima watu: bega, kifua, nyonga.
Siku ile uwanja ulinipima mimi,
ukazunguka, ukavuta, ukakaza.

Msiniite shujaa. Bi Nekoye hanijui.
Alipita mtaani mara moja, akanunua mikufu ya zipu
na hakuomba apunguziwe.
Ni kwamba nilikuwa nimeamka saa kumi na moja kwa ajili yake,
na miguu haikupata habari kuwa mpango umebadilika.
Ikaenda kushoto.
Nilisikia harufu ya vyoo, na kimya nyuma yangu.

Kiplagat alituhesabu kwa rula ya mwalimu,
akigusa bega: mmoja, wawili, watatu, wanne.
Mtoto alinyoosha mkono aguswe.
"Huyu hana kitambulisho," akasema, na safari hii alicheka.

Usiku redio ya Otwori, sauti juu kupita kiasi, ikatangaza:
kituo chetu, Gachoka mia sita na kumi na mbili,
Nekoye sifuri.

Sifuri.
Nilijishika bega pale rula ilipogusa.
Nilimfikiria Nyanya Syombua akirudi na kigoda chake
kupanda ngazi tano, sifuri, akipumzika kila ghorofa.

Jumamosi mlango ukabishwa.
Mzee Karugu, daftari kwapani, suruali mkononi.
Sukari imemkondesha, kiuno kinahitaji kupunguzwa.
Hakuitaja foleni. Sikuitaja.
Alinyanyua mikono kama mtu anayepekuliwa na askari,
nikazungusha utepe, nikasoma.
Thelathini na nne, mzee.
"Haiwezekani," akasema. "Pima tena."
Nikapima tena.
Nikaandika ukutani kwa chaki, mahali anapoweza kuona:
thelathini na nne.